Bima ya gari Mtwara na Lindi: je, kinga ya punguzo la kutodai inastahili kulipiwa?

Mwenye gari anapofika kwa wakala kuhuisha stika, mazungumzo huishia kwenye bei ya bima kubwa (inayotengeneza hata gari lako) na bima ndogo (inayomlipa tu mtu wa tatu, yaani mwingine aliyedhuriwa na gari lako), na habari ya punguzo la kutodai hutajwa wakati risiti inaandikwa. Punguzo hilo hupewa mteja wa bima kubwa aliyemaliza mwaka bila kudai fidia, na hukua kadiri miaka safi inavyofuatana. Kinga yake ni nyongeza ya ada inayomruhusu mteja kudai, kwa kawaida mara moja au mbili katika muda uliotajwa, bila punguzo kuporomoka. Uingereza nyongeza hii imezoeleka sana. Huku kwetu muulize wakala kama anayo, kwa kuwa haimo katika mkataba mpaka iandikwe.

Kati ya njia tatu zilizopo, nafasi ya kwanza naipa bima kubwa yenye kinga, ila kwa mtu ambaye punguzo lake limeshakuwa kubwa. Tuchukue mfano wa Toyota IST yenye thamani ya shilingi 12,000,000, ikatiwe bima kwa asilimia 3.5, yaani shilingi 420,000 kabla ya VAT. Punguzo likiwa asilimia 40, ada hubaki 252,000, na kinga ikiuzwa kwa asilimia 10 ya kiasi hicho ni 25,200 kwa mwaka. Dai moja likirudisha punguzo sifuri, kisha likapanda tena kwa asilimia 20, 30 na 40, mteja atakuwa amepoteza jumla ya shilingi 294,000 kabla hajarudi alipokuwa. Kwa hesabu hiyo kinga inajilipa hata kama anadai mara moja tu katika miaka 11.

Nafasi ya pili ni bima kubwa bila kinga, nayo inamfaa aliye mwanzoni. Gari ni lile lile, lakini punguzo ni asilimia 20: kinga itagharimu 33,600 (asilimia 10 ya ada ya 336,000) ili kulinda shilingi 84,000, na itajilipa endapo tu atadai kila baada ya miaka miwili na nusu, jambo ambalo dereva wa kawaida halifikii. Huyu ni afadhali atenge fedha hiyo kwa bampa na taa, kwa sababu uharibifu mdogo, ukishatoa sehemu ambayo mkataba unamtaka mteja ajilipie mwenyewe, huacha fidia ndogo kuliko punguzo linalopotea.

Hapa wengi hukosea kwa kudhani kwamba punguzo hupotea pale tu dereva anapokuwa na kosa. Kinachohesabiwa ni dai, wala si lawama. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, gari lililoharibiwa na maji lisingesalimisha punguzo la mwenyewe kwa sababu tu mvua ni kazi ya Mungu. Vivyo hivyo ukigongwa na mwingine, dai lako huweza kuhesabiwa dhidi yako mpaka kampuni yako irudishiwe fedha na bima ya aliyekugonga. Kwa anayesafiri mara kwa mara kati ya Mtwara, Masasi na Dar es Salaam, hoja hii inaiongezea kinga uzito. Kuhusu kioo cha mbele, soma kifungu chake peke yake, maana baadhi ya mikataba hukilipia bila kugusa punguzo.

Kumbuka pia kwamba kinga hulinda asilimia, hailindi bei. Kampuni inaweza kupandisha ada ya msingi baada ya dai, nawe ukabaki na asilimia 40 yako ya ada iliyokwisha kuongezeka. Ukihamia kampuni nyingine, chukua barua inayothibitisha miaka uliyokaa bila kudai, na uliza kwa maandishi kama kinga itatambuliwa huko.

Nafasi ya mwisho ni bima ndogo, ambayo ndiyo kiwango cha chini kinachotakiwa kisheria. Humlipa mtu wa tatu, haitengenezi gari lako, kwa hiyo hakuna punguzo kubwa la kulinda. Kwa Probox kuukuu inayobeba magunia ya korosho kutoka shambani Newala, hiyo inatosha kabisa.