Harpers Ferry, West Virginia: uzoefu wangu wa ziara ya siku moja

Ukitokea Washington, nenda na gari. Treni inafika mjini, ila ratiba yake ni ya wafanyakazi: asubuhi inaelekea Washington, alasiri ndiyo inarudi. Mjini maegesho ni machache, hujaa mapema. Egesha juu, kwenye kituo cha wageni cha hifadhi. Nililipa dola 20 kwa gari, kiingilio cha siku 3, na basi la kushukia mjini limo humo.

Anzia pale mto Shenandoah unapoingia mto Potomac. Maji haya ndiyo yaliyozungusha mitambo ya kiwanda cha bunduki cha serikali, na bunduki ndizo zilizomvuta mpinga utumwa John Brown na watu wake 21 usiku wa Oktoba 16, 1859, wakikusudia kuwakomboa watumwa. Banda la zimamoto alimojifungia lingalipo. Simama mbele ya milango yake: askari wa majini waliipiga kwa nyundo ikakataa, ndipo wakaitoboa kwa ngazi nzito, wameishika kama gogo.

Lakini banda hilo haliko mahali pake. Lilibomolewa likapelekwa Chicago kwa maonyesho ya 1893, likarudi likajengwa kwenye shamba la Murphy, 1909 likahamia Chuo cha Storer kilichosomesha watu waliotoka utumwani, na 1968 ndipo likashushwa tena mjini. Pale lilipokuwa hasa pamefukiwa na tuta la reli. Pana mnara mdogo wa mawe.

Ukiwa na nguvu, vuka daraja la miguu, kisha panda mlima wa Maryland Heights: kama kilomita 7 kwenda na kurudi, mwinuko mkali. Beba maji kutoka mjini, na usivae viatu vya soli laini, maana mawe yanateleza. Kule juu utaelewa kwa nini Septemba 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya serikali na majimbo ya Kusini, askari zaidi ya 12,000 wa serikali walisalimu amri: mji uko kama ndani ya bakuli, na mizinga ya Kusini ilikuwa imekaa ukingoni.

Kinachonisikitisha ni kwamba wageni wengi huishia mjini. Kabla ya kuondoka pitia lile shamba la Murphy, si mbali na kituo cha wageni. Mwaka 1906, banda likiwa bado shambani, W.E.B. Du Bois na wenzake wa Niagara, vuguvugu la kudai haki za Wamarekani weusi, walikuja hapo alfajiri, wakavua viatu, wakalikaribia banda kwa miguu mitupu. Mawe ya msingi wake bado yapo kwenye majani.