Jiko la kuni nililomnunulia mama yangu kule Lukozi: tumbo zuri, mlango umenitoa machozi

Naandika hasira zikiwa bado zipo, nimesubiri zipoe hazijapoa, kwahiyo mtanivumilia. Kuna fundi hapa Tanga mjini, simtaji jina wala mtaa, ameniuzia jiko la kuni la kupasha nyumba joto usiku kucha. Laki sita na nusu, keshi. Jiko limejazwa kuni saa tatu usiku, saa nane limeshakuwa jivu. Nikarudi kwake kwa adabu kabisa nimuoneshe tatizo liko wapi, akaniuliza mbele ya vijana wake, "Sasa dada wewe unataka jiko au unataka benki?" Wakacheka wote.

Hilo la benki ntalieleza, ndo kiini chenyewe.

Najua wapo watakaoshangaa, Tanga na jiko la kupasha nyumba wapi na wapi, huku Ngamiani mtu analala na feni. Ila mkoa wetu si pwani peke yake jamani. Mama yangu anakaa Lukozi, yaani ukishafika Lushoto unapanda tena kupita Magamba, na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane ukungu unaingia mpaka ndani, blanketi asubuhi ukilishika kama limenyeshewa. Wajerumani walipokaa Lushoto, wakati huo wanaiita Wilhelmstal, nyumba zao walizijenga na dohani kabisa, walishajua baridi ya kule haitaki mchezo. Wenyeji tukabaki na jiko la mkaa chumbani.

Na hapo kwenye mkaa ndo roho yangu ilipokuwa inaning'inia miaka yote. Mama anafunga dirisha, anaziba chini ya mlango kwa kitambaa, anaweka jiko la mkaa miguuni kwa kitanda, analala. Tumeshagombana sana. Moshi wa kuni ukizidi unakohoa, macho yanawasha, utatoka tu. Ile hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala haikohozeshi, mtu anasikia kichwa kizito anadhani ni uchovu wa shamba, anajilaza, na watu wanakutwa asubuhi wameshakwenda. Kila simu yake ikichelewa asubuhi ya baridi mimi tumbo linanikata. Ndo maana nikasema mwaka huu nanunua jiko la kweli, la chuma, lenye mlango na bomba la kutoa moshi nje, aweke kuni jioni alale.

Kwa fundi kulikuwa na mawili, dogo na kubwa. Nikampa picha ya nyumba, sebule na vyumba viwili, vyumba vina silingi bodi ila sebule ni bati tupu juu, joto lote linapanda linaondoka. Akaniambia bila kufikiri, "Chukua kubwa dada, hili unajaza mara moja mpaka adhana ya alfajiri." Tumbo lake linameza magogo manne makubwa ya kama sentimita 45, dogo ni mawili tena membamba. Nikaona hesabu imekaa, kuni nyingi usiku mrefu. Nikalipa. Likapanda kwenye Fuso iliyoshusha kabichi na karoti huku inarudi tupu, nikashukuru Mungu na nauli ikawa nafuu.

Sasa usiku wa kwanza. Nilikuwepo mwenyewe, nililipeleka nikakaa siku tatu. Tumewasha jioni, sebule ikawa tamu, mama akavua sweta, mara ya kwanza namuona bila sweta mwezi kama huo. Saa tatu nikapanga magogo ya miwati, ile miti migumu, makavu, yamekaa bandani tangu mwaka jana, nikabana kitundu cha hewa kama nilivyoelekezwa, tukalala. Usiku nikashtuka pua imekuwa barafu. Nikaenda sebuleni, jiko limepoa nalishika kwa mkono, ndani jivu jeupe. Halafu nikasikia kitu jikoni. Mama. Anapuliza mkaa kwenye lile jiko lake la zamani, anataka kulibeba chumbani. Kimya kimya asiniamshe. Nililia pale pale sina aibu kusema.

Siku ya pili tukajaza mpaka juu, vile vile. Siku ya tatu nikashuka Lushoto mjini, nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyetengeneza oveni za mikate maisha yake yote, nikamlipia bodaboda akapanda na mimi kuja kuliona. Hakuuliza kuni wala bomba. Alifungua mlango akaufunga, akaufungua akaufunga, akasema, "Mwanangu, una noti?" Nikampa ya elfu mbili. Akaibana kati ya mlango na fremu, akafunga, akaivuta. Upande wa bawaba ilikaza kidogo. Upande wa komeo ikateleza tu. Juu hakuivuta, aliiachia ikadondoka yenyewe. Ikadondoka! Jiko la laki sita na nusu!

Akanielewesha vizuri, na hili nataka kila anayefikiria kununua alisikie. Moto wa usiku unaishi kwa hewa unayoupimia wewe. Kuni zikishageuka makaa unaongeza magogo, unaacha yashike kwanza, ndipo unabana kitundu, moto unatafuna polepole mpaka asubuhi. Mlango usipoziba utabana kitundu mpaka vidole vikuume, hewa inapita pembeni na juu, kuni zinaliwa kama umeziwasha uwanjani kwenye upepo. Tumbo liwe kubwa kiasi gani, halisaidii, umeongeza kuni za kuliwa basi. Pembeni ya mlango inatakiwa iwepo kamba nene isiyoungua, ile ya boila na oveni, imelala kwenye mfereji wake, mlango ukifungwa unaikandamiza. Kwenye jiko langu mfereji upo, wameuchora vizuri kabisa, kamba hamna. Yaani alijua! Mtu hachori mfereji bila kujua unawekwa nini.

Basi ndo nikarudi Tanga, Lushoto, Soni, Mombo, Korogwe, njia nzima napanga maneno ya heshima. Nikafika, shikamoo na marahaba zikapita, nikamwambia kaka samahani mlango hauzibi, nikatoa noti nimuoneshe kwenye jiko lingine lililokuwepo pale dukani. Ndo akasema lile la benki. Nikanyamaza nikaibana noti, ikatoka. Akasema kamba ni mambo ya Ulaya, chuma kwa chuma kinatosha, kikipata moto kinatanuka kinajiziba chenyewe. Mlango wake ni bati la milimita 2, mwili wa jiko milimita 5, sasa bati jembamba likipata moto linajipinda, nafasi inazidi, mtoto anaelewa hilo. Akahamia kwenye kuni, eti huko kwenu mnawashia mabanzi ya paini ndo maana yanaisha. Nikamwambia miwati. Akasema basi mbichi. Nikamwambia za mwaka jana. Akageuka akaendelea kuchomelea geti la mtu, cheche zinanirukia miguuni, na mimi nimesimama pale na noti mkononi. Sikurudishiwa hata mia. Simu siku hizi hapokei.

Kwahiyo msinunue. Hapana, subirini, niseme ukweli wote kwasababu si haki kuficha. Yule mzee wa oveni alitafuta kamba, akailaza kwenye mfereji kwa saruji inayostahimili moto, mlango akauongezea mkanda wa chuma kwa nyuma usijipinde, komeo akatoa lile la kuchomeka akaweka la kubana kwa kuzungusha. Elfu themanini na chakula. Noti sasa ukiivuta inachanika. Na jiko likawa jiko kweli! Mama anapanga magogo saa tatu, saa kumi na mbili asubuhi anachokoa jivu anakuta makaa mekundu, anatupia vijiti linawaka bila kiberiti. Uji anaubandika juu yake. Jiko la mkaa limehamia bandani. Tumbo lile fundi alilichomelea vizuri, hakuna mshono unaovuja, chuma kizito kinakaa na joto muda mrefu baada ya moto kulala, hapo siwezi kumnyima haki yake. Anajua kazi. Ndo maana inauma zaidi, mtu anajua kazi halafu anakuibia kamba.

Ila na ukubwa nao, nimebadilika mawazo tena. Lile kubwa kwa sebule ile limezidi sasa kwa vile linaziba, mama usiku mwingine anafungua dirisha, na akilibana sana lipungue joto kuni zinafuka tu bila kuwaka, lami nyeusi inaganda ndani ya bomba. Hiyo lami siku ikishika moto bomba zima linawaka, na juu ni mbao na bati. Mzee kasema bomba lisafishwe mara kwa mara na kuni mbichi zisiguse humo kabisa. Tena vipande vya bomba fundi alivipachika juu chini, cha juu kimevaa cha chini kwa nje badala ya kuingia ndani yake, lami ikawa inachuruzika ukutani, tumevigeuza wenyewe. Nikipiga hesabu leo naona dogo lenye mlango wa kuziba lingetosha vyumba vile. Au la kati, kama angekuwepo mtu wa kuniuliza maswali badala ya kunisukumia la bei kubwa. Nyumba ya vyumba vinne vitano bila silingi sawa, chukua kubwa. Lakini nenda na noti, bana pande zote nne kabla hujatoa hela, na fundi akicheka ondoka hapo hapo, mimi sikuwa na wa kuniambia.

Zile elfu themanini za matengenezo bado namdai fundi. Nimeshatuma mtu mara mbili.

Juzi jirani yake mama, bibi mmoja analala na wajukuu watatu na jiko la mkaa katikati, kanipigia anataka nimnunulie kama lile. Hela ameshauza viazi anazo. Na ninayemjua mimi Tanga nzima anayechomelea tumbo kama lile ni yule yule. Sijamjibu bado.