TAHADHARI: Umebadilisha mazabodi? Usiuziwe "Windows ya maisha"

Wakuu, nimepigwa, na naona wengine watapigwa kwa mtindo huu huu.

Kompyuta ya mezani ya duka langu la steshenari iliungua mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote ndani, siku umeme ulipokatika na kurudi kwa fujo. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo, anauza na vifaa. Mazabodi ya mtumba aliyonifungia sina ugomvi nayo, mpaka leo inapiga kazi. Ugomvi ni haya maneno: "Bosi, Windows ya zamani haihamii kwenye mazabodi nyingine. Nafomati, nakupigia mpya, leseni ya maisha laki na nusu." Nikatoa hela.

Kumbe Windows 10 na 11 mara nyingi zinahama vizuri tu. Unachomeka diski ile ile, unawasha, inatafuta draiva zake (programu za kuendesha vifaa), inajizima na kuwaka mara mbili tatu, basi. Ikigoma, mara nyingi ni mpangilio wa BIOS, programu ya mazabodi inayowasha mashine, haufanani na ule wa zamani. Ila kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, itadai ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kabla hujalegeza hata skrubu moja. Kufuta diski hakumo kabisa.

Kwenye leseni alichanganya na ukweli kidogo, ndipo nikanasa. Ile inayokuja na mashine toka kiwandani, OEM, haihami. Inabaki na mazabodi yake. Lakini yangu niliinunua peke yake, ya rejareja, na nilishaiunganisha na akaunti yangu ya Microsoft. Ilikuwa ni kuingia kwenye mipangilio, upande wa leseni, na kueleza kwamba nimebadilisha kifaa. Bure.

Na hiyo ya maisha? Miezi sita tu, maandishi ya kudai leseni yakaota kwenye kona ya skrini. Mpwa wangu akafungua dirisha la amri, akaandika slmgr /dli, ikatoka KMS. Hiyo ni njia ya makampuni yenye seva zao, nayo hudumu siku 180 mpaka ihuishwe tena. Mimi wa kutoa fotokopi, seva nitaitoa wapi? Tena tukakuta antivairasi imezimwa, nadhani ili programu yake ya kuchakachua isinaswe.

Kabla hujalipa, mwambie fundi aandike slmgr /xpr mbele ya macho yako. Ikileta tarehe ya kuisha, hiyo si ya maisha, beba mashine yako uondoke.

Nilimrudia. Anasema nilikubali mwenyewe, na kweli risiti yake imeandikwa "matengenezo" tu. Laki na nusu nitaisahau. Ila kwenye diski ile aliyoifuta ndimo lilimokuwa daftari la madeni ya wateja, na mpaka leo waliojileta wenyewe kulipa ni watatu.