Wastani wa kusubiri au asilimia ya waliohudumiwa kwa wakati?

Dashibodi ya ofisi, yaani skrini inayoonyesha vipimo vya huduma, ikiwa na nafasi ya kipimo kimoja tu cha muda wa wateja kusubiri, wengi huweka wastani. Ni rahisi kuukokotoa na kila mtu ameuzoea. Shida yake ni kwamba unaficha watu. Chukua wateja 10: tisa wamesubiri dakika 5, mmoja dakika 95. Wastani ni dakika 14, muda ambao hakuna hata mmoja wao aliyeusubiri. Meneja akiiona 14 anadhani foleni nzima inasuasua, kumbe kuna faili moja limekwama mahali, na mwenye faili hilo ndiye anayehitaji msaada.

Asilimia ya waliohudumiwa ndani ya, tuseme, dakika 15 inasema waziwazi: asilimia 90 wamepata huduma kwa wakati, asilimia 10 tumewaangusha. Mhudumu wa dirishani anaielewa bila kufafanuliwa. Nayo ina mtego wake, tena mkubwa. Hospitali za Uingereza zilipowekewa lengo la saa 4 kwa wagonjwa wa dharura, wagonjwa wengi walikuwa wakitolewa idarani katika dakika za mwisho kabla ya muda huo kutimia. Na mteja akishapitiliza kikomo, hakuna kinachomsukuma mhudumu kumuwahi, maana kwenye hesabu ameshapotea.

Bado nachagua asilimia, ila pembeni yake iwekwe namba ya pili: muda wa aliyesubiri kuliko wote leo. Hapo yule wa dakika 95 ataulizwa habari zake siku hiyohiyo.