Kliniki ya tiba shufaa iliyoanza kwa kuuliza habari za choo

Mama yangu ana saratani ya matiti iliyofika kwenye mifupa. Huu ni mwaka wa pili namuuguza, na miezi 7 ya mwisho tumekuwa mikononi mwa kliniki moja ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito. Naandika kuhusu huduma yao kwa ajili ya mwenzangu anayeuguza.

Kwanza tulikotoka. Wodini alianzishiwa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, na usiku ule akalala mpaka asubuhi. Hakuna aliyetutajia choo. Siku ya 6 tumbo lilikuwa gumu, hali chakula, anatapika. Kumbe alishaanza kumwaga dozi kwa siri, maana aligundua dawa ndiyo inayomfunga. Alichagua maumivu. Siku ya 8 akaharisha majimaji, nikashukuru kwamba amefunguka, na nilibaki kidogo tu nimpe dawa ya kuzuia kuharisha. Yale yalikuwa maji yanayopenya pembeni mwa choo kilichokwama.

Klinikini nesi alivuta kiti akakaa karibu naye. "Shikamoo mama. Mara ya mwisho kupata choo ilikuwa lini?" Mimi, mtoto wake wa kiume, nilitazama sakafu. Mama akasema yote, hata zile dozi alizomwaga, na hakuna aliyemkaripia. Walimzibua kwa enema, dawa ya maji inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, siku hiyohiyo, kisha wakatufundisha.

Mofini hupunguza mwendo wa utumbo; choo kinakaa humo muda mrefu, maji yananyonywa, kinakuwa kigumu. Kichefuchefu na kusinzia kwa wengi hupungua baada ya siku chache mwili ukiizoea dawa. Kufunga choo hakuzoeleki. Ndiyo maana dawa ya choo huanza siku moja na mofini na kuendelea nayo. Mama alipewa vidonge vya sanamaki vya kusukuma utumbo, na dawa ya maji ya kulainisha. Unga wa nyuzinyuzi niliokuwa nimemnunulia wakanikataza, kwa kuwa mgonjwa anayekunywa maji kidogo unaweza kumkwamisha zaidi. Miezi miwili nilikuwa nikimkorogea unga ule kwa mapenzi yote.

Wakanipa daftari: saa ya dozi, choo, usingizi, maumivu. Mwezi wa tatu nikaandika kwamba mikono yake inashtukashtuka na anazungumza na watu wasiokuwepo. Niliamini saratani imepanda kichwani. Nilipopiga simu wakaniambia nimlete bila kungoja. Damu ilionyesha figo zimedhoofika, kwa hiyo mabaki ya mofini yalikuwa yakirundikana mwilini. Wakambadilishia dawa ya maumivu. Siku 3 baadaye aliniuliza kwa nini sijanyoa ndevu, nikatoka nje kulia.

Yapo yaliyoniudhi. Karatasi ya maelekezo iliandika dozi kwa miligramu, wakati bomba la kupimia lina alama za mililita. Siku moja nilishavuta mara mbili ya kipimo ndipo nikasita. Nesi alipojua, alibandika plasta nyekundu kwenye alama sahihi, lakini hilo lilitakiwa lifanywe kabla hatujatoka mlangoni. Tena mwisho wa wiki simu haipokelewi, na maumivu hayajui Jumapili. Kwa hayo mawili nawapa nyota 4 badala ya 5.

Ukienda kwao, au kliniki yoyote ya namna hii, beba dawa zote mgonjwa anazotumia, hata za kunywa kwa mazoea, na umwache mgonjwa ajibu mwenyewe. Usikatishe mofini ghafla kwa sababu ya madhara, wapigie kwanza.

Mama sasa anameza dozi zake mbele yangu. Jana asubuhi aliniita kutoka msalani, "Mwanangu, andika!" Nikachukua daftari, nikaandika.