Kipimo cha oksijeni cha kidoleni: bana pumzi uone maajabu

Haya watu wangu, karibuni tena hapa Kisumu. Leo ni hiki kidude cha kubana kidoleni. Betri mbili ndogo, kamba ya shingoni, hayo mnayajua, tuyaruke.

Tazameni. Kidole cha kati, kucha juu, mkono umelala mezani. Usisome bado! Subiri namba itulie, hiyo ni asilimia ya oksijeni kwenye damu. 97. Sasa nabana pumzi, nyinyi hesabuni.

...Haaah! Sekunde 30, kifua kinataka kupasuka, na namba? 97, haijatikisika! Wengi hudhani ukifika hapo oksijeni imekwisha. Wapi! Kinachokulazimisha kuvuta hewa ni kabonidioksaidi inayorundikana kwenye damu. Ndiyo maana kuhema mbio mbio kabla ya kupiga mbizi ziwani ni hatari: unaifukuza kabonidioksaidi, hamu ya kupumua inachelewa, oksijeni inaisha kimyakimya, unazimia majini.

Na oneni, saa hii napumua vizuri, ndiyo kwanza inashuka. 96... 95. Damu lazima isafiri kutoka mapafuni hadi kidoleni, kwa hivyo kioo kinakupa habari iliyochelewa. Hapa tu pesa yangu imerudi.

Kinachoniudhi ni kijitabu chake. Hakisemi rangi ya kucha huziba mwanga. Hakisemi vidole baridi hubana mishipa, namba ikarukaruka. Sugua viganja kwanza. Wala hakisemi kwamba kwenye ngozi nyeusi kama zetu kinaweza kusoma juu kuliko ukweli. Na la kutisha zaidi: jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa. Gesi yake ya sumu, kaboni monoksaidi, hung'ang'ania himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kifaa kikadhani ni oksijeni. Kitaandika 98 mtu akikata roho! Hapo achana nacho, mtoe nje.

Mnaniuliza kuhusu saa za mkononi. Nyingi husoma mwanga unaorudi kutoka ngozini. Hiki hupenyeza mwanga kidole kizima, mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Kwa elfu moja mia tano, saa ya elfu nane haikifikii kwa kazi hii. Hiki ni daraja nyingine.

Wiki ijayo ni mashine ya presha, na tunahamia Jumamosi.

Mlio Nakuru, huko mita 1,850 hivi juu ya bahari, pimeni mkiwa mmetulia, mniandikie hapo chini. Sisi tuko 1,100 na kitu, na huko juu hewa ni nyepesi zaidi, kwa hivyo nataka kuona kama namba zenu zitakuwa chini ya zetu kwa pointi moja au mbili. Rangi ya kucha toeni kwanza, tafadhali.