Kipimo cha mbegu za kiume Kirumba, Mwanza, nawapa nyota 3 kati ya 5
Nina miaka 48, mke wangu 29, mwaka wa pili huu mtoto hamna na lawama zote nilishamtupia yeye, aisee. Nikaenda maabara moja Kirumba, sio mbali na mwaloni. Dada wa mapokezi anauliza kwa sauti "baba umekuja kutoa mbegu?" foleni nzima ikageuka, nyota moja imeondoka hapo hapo. Nyingine choo, komeo bovu, unazuia mlango kwa mguu huku kikopo mkononi. Ila daktari yuko vizuri, kanielewesha mwanaume hakauki kabisa lakini umri ukienda mbegu zinapungua spidi na vinasaba vyake vinachakaa, niache sigara nirudi baada ya miezi 3 maana mbegu mpya zinatengenezwa kwa kama siku 74.